Mhesabu Vipande wa Machame

Mwaka wa nne tangu aende Ufini, Elisifa alirudi nyumbani Machame kwa Krismasi akiwa na koti zito la baridi, chokoleti zilizoyeyuka zote kabla gari halijafika Boma Ng'ombe, na kifaa cheusi chenye ukubwa wa kiberiti ambacho nusura kimgombanishe na ukoo mzima.

Kabla ya hapo hakuna mtu aliyekuwa na neno naye. Alizaliwa pale pale kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba na kahawa, akakua akichambua kahawa kwenye ungo: mbegu nzima huku, zilizotobolewa na wadudu kule, zilizovunjika pembeni. Baadaye alifundisha kemia miaka sita katika shule moja ya sekondari mjini Moshi, akiishi kwenye chumba cha kupanga Rau, na wanafunzi wake walimkumbuka kwa jambo moja tu: alikuwa hawezi kuacha kuhesabu. Akigawa karanga, anahesabu. Mvua ikianza kudondoka kwenye bati, midomo yake inacheza. Alipopata ufadhili wa kwenda kusomea upimaji wa mionzi, mkuu wa shule alimuaga mbele ya walimu wote akasema, "Tunamshukuru Mungu, hatimaye mwalimu huyu amepata kitu cha kuhesabu kisichoisha."

Na kweli hakikuisha. Huko Ufini kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mashine iliyopozwa kwa baridi kali kuliko ya Kibo, akisubiri. Wenzake walichukua bati jembamba la urani, wakalipiga kwa nyutroni, viini vya urani vikapasuka. Kila kipande kilichozaliwa kilitoa miale ya kwake, na mashine ikaiandika miale hiyo kama vilima kwenye kioo. Elisifa alisoma vilima. Kilima hiki ni cha siziamu, kile cha bariamu, kile cha madini joto. Siku tatu, siku kumi, mwezi mzima, sampuli moja. Mwisho wake huandikwa tarakimu moja na nukta yake, na kama umebahatika, tarakimu hiyo ni sahihi zaidi kidogo kuliko ya waliokutangulia.

Hayo yote ukoo wake haukuyajua. Walijua yuko kwenye barafu.

Siku ya pili ya Krismasi walikusanyika uani kwa Mzee Elimringi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, kuchinja mbuzi. Mzee Elimringi ndiye mgawaji wa nyama wa ukoo. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna mgao hata mmoja uliokwisha bila mtu kununa. Alikuwa ameinama juu ya majani ya migomba, kisu mkononi, akapanga kidari, paja, mbavu, shingo, ndipo akamwona Elisifa amesimama karibu.

"Elisifa, mwanangu. Huko kwenye barafu unafanya kazi gani hasa? Juzi nimeulizwa kanisani, nikasema unatengeneza friji."

"Hapana, baba mkubwa. Ninapima urani. Ni madini mazito sana. Ukiyapiga kwa chembe ndogo inayoitwa nyutroni, kiini chake kinapasuka vipande viwili."

"Sawa kwa sawa?"

"Hapo ndipo penye kazi. Sawa kwa sawa ni nadra mno. Kwa kawaida kimoja kinakuwa kikubwa, kingine kidogo."

Mzee Elimringi alikiweka kisu chini, akanyoosha mgongo.

"Ngoja. Hata huko hawagawi sawa?"

"Hata huko, baba mkubwa. Ni maumbile yake."

Mzee akawageukia vijana waliokuwa wakilalamikia mafungu yao tangu asubuhi. "Mmesikia nyie? Hata urani! Mtaalamu huyo hapo, ametoka Ulaya." Kisha akamrudia Elisifa kwa sauti ya upole. "Na wewe ndiye mgawaji?"

"Hapana. Mimi ni mhesabu. Katika mipasuko mia, kipande cha namna hii kimetokea mara ngapi, cha namna ile mara ngapi. Wanaoendesha vinu vya umeme wanahitaji kujua, na hospitali pia, maana kuna dawa zinazotokana na vipande hivyo."

"Kwa hiyo umesoma zaidi ya miaka ishirini, unahesabu vipande vya kitu kisichoonekana, na huli hata kimoja."

"Hata kimoja, baba mkubwa."

"Pole sana, mwanangu," akasema Mzee Elimringi, na alimaanisha. Akamwongezea ubavu mmoja.

Hapo Elisifa akaona aibu kidogo kwa ajili ya kazi yake, na aibu ndiyo iliyomponza. Akatoa mfukoni kile kifaa cheusi. Alikuwa amekinunua mwenyewe ili akawaonyeshe wasichana wa shule yake ya zamani. Kinapima mionzi na kutuma vile vilima kwenye simu. Akakiweka juu ya jiwe la ua. Kikalia: ti... ti... ti-ti. Watu wakasogea.

"Jiwe lina mionzi kidogo," akaeleza. "Kila jiwe lina yake. Haina madhara."

"Kinajua mtu mwongo?" akauliza kijana mmoja.

"Hakijui."

"Basi nipime mimi."

Ikawa mchezo. Walijipanga mmoja mmoja, kifaa kikiguna polepole mbele ya kila kifua, na kila aliyepimwa akashangiliwa kama aliyepata kipaimara. Mzee Elimringi naye akavua kofia, akajitokeza. Ti... ti. Akasubiri.

"Ni hivyo tu? Jiwe lilipata zaidi."

"Ni vizuri, baba mkubwa. Ina maana huna kitu."

"Mimi sina kitu?" Akavaa kofia yake, akarudi kwenye nyama.

Wakati huo ndipo Mama Ndelilio alipotokea kwenye njia ya migomba. Huyu ni mjane wa kaka wa pili wa baba yake Elisifa, yaani kwake ni mama mkubwa, na ni mwenyekiti wa akina mama wa usharika. Mwanamke wa sauti. Lakini mwaka huo alikuwa amekonda mpaka gauni linamzunguka, mikono ilikuwa ikimtetemeka, na shingoni alivaa skafu hata jua likiwaka. Tangu aliporudi kwenye kile alichokiita semina ya akina mama Dar es Salaam, alikuwa amebadilika tabia pia. Alilala peke yake kwenye stoo ya kahawa. Alikula kwenye sahani yake, akaiosha mwenyewe. Kanisani siku ya Krismasi alikaa nje, kwenye benchi la mwisho kabisa, mwenyekiti mzima.

Na kubwa kuliko yote, hakuwa amembeba mjukuu wake. Mkwewe, Kindness, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki mbili kabla, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mume wake Godwin ni mwongoza watalii, na msimu huo alikuwa mlimani mfululizo. Kwa desturi, mama mkwe ndiye anayemlea mzazi: ampikie mtori wa ndizi na nyama, amwogeshe mtoto, amfukuzie wageni. Mama Ndelilio mtori aliupika, tena mzuri. Lakini aliuacha kwenye jiwe la mlango wa ua, akaita kwa mbali, "Kindness! Mtori huo!" akageuka akaondoka. Kindness alikuwa akila mtori huo huku machozi yakidondokea humo humo.

Mama Ndelilio alisimama hatua kumi kutoka kwenye kundi, kama alivyozoea siku hizo.

Kifaa kikapiga kelele.

Hakikuguna tena. Kililia mfululizo kama king'ora cha gari la wagonjwa. Elisifa alikitazama, akakitikisa, akadhani betri imeharibika. Akapiga hatua mbele. Kelele zikazidi. Mama Ndelilio akapiga hatua nyuma. Kelele zikapungua.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Elisifa, maana hakujua aseme nini kingine, akapiga hatua nyingine.

"Marahaba, usinisogelee," alijibu Mama Ndelilio, akarudi nyuma.

Wakaenda hivyo, mmoja mbele, mmoja kinyumenyume, mpaka wakaingia katikati ya migomba, kifaa kikipanda na kushuka sauti, na ukoo wote ukiwafuata kwa nyuma na mafungu ya nyama mikononi.

"Kimemshika!" alipaza sauti Mzee Elimringi. "Mimi sina kitu, lakini yeye anacho!"

Ndipo Kindness, aliyekuwa amekaa barazani na mtoto, akasimama akasema mbele ya wote kile alichokuwa amekimeza kwa wiki mbili.

"Basi ndiyo maana! Ndiyo maana hamgusi mwanangu! Mtu gani anamkimbia mjukuu wake? Kama una kitu chako, mama, kiseme, tujue tunaishi na nani!"

Neno uchawi halikutamkwa, lakini kila mtu alilisikia. Na kwa mwenyekiti wa akina mama wa usharika, neno hilo hata kusikika tu ni maafa.

Elisifa alikuwa ameshaitazama simu yake. Kwenye kioo kilima kimoja kirefu kilikuwa kimesimama mahali anapopajua kama anavyojua mwandiko wa mama yake. Kilima hicho alikipima miaka minne. Madini joto, uzito mia na thelathini na moja. Katika kila viini mia vya urani vinavyopasuka kwa nyutroni, karibu vitatu huishia kuwa madini haya. Usahihi wa hiyo "karibu" ndio uliomnyima usingizi Ufini. Na sasa kilikuwa kimekaa shingoni kwa mama yake mkubwa, chini ya skafu. Vilevile alijua kwamba hakuna njia ya kitu hicho kufika shingoni mwa mtu Machame isipokuwa hospitali.

Akaelewa yote kwa mara moja: kukonda, mikono kutetemeka, semina ya Dar es Salaam. Akaelewa pia kwamba siri hiyo si yake, na kwamba ni yeye, na mchezo wake, aliyeivua nguo mbele ya watu. Huko maabara haruhusiwi kufungua hata kichupa bila sahihi mbili. Hapa alikuwa amempima binadamu bila hata kumwomba.

Akazima kifaa.

"Kimeharibika," alisema.

"Kilikuwa kizima sasa hivi," alisema Mzee Elimringi.

"Kimeharibika sasa hivi, baba mkubwa. Ni joto."

"Machame kuna joto?"

Hakuna aliyemwamini. Mzee Elimringi akatangaza kwamba nyama isubiri, wazee waingie ndani, na mtu aende kumtafuta mchungaji. Elisifa akamfuata Mama Ndelilio, aliyekuwa amekwenda kujificha nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Simama hapo hapo," alisema Mama Ndelilio alipomwona. "Hatua tatu. Wamesema hatua tatu."

"Mama mkubwa, naomba unisamehe. Nimeona ni nini."

"Unasemaje?"

"Nimeona ni nini!"

"Usipige kelele!"

"Basi nisogee."

"Usisogee!"

Hapo palikuwa na tatizo ambalo hata Ufini lisingepata ufumbuzi. Siri yenyewe ilitaka kunong'onwa, na hatua tatu, pamoja na ng'ombe wawili wanaotafuna, zilitaka sauti. Walijaribu kunong'ona, kila mmoja akasikia nusu. Mwishowe Mama Ndelilio, aliyezoea kuongoza mikutano bila kipaza sauti, alichoka akaongea kama kawaida yake.

"Ni rovu! Rovu la ndani, hili linalokimbiza moyo! Daktari wa KCMC akanituma Dar es Salaam, wakanipa kidonge kimoja cha madini joto ya mionzi. Nesi alikileta ndani ya chuma, amekishika kama anashika nyoka! Nikakimeza. Wakaniambia nisikae karibu na watoto wachanga wala wajawazito mpaka tarehe saba Januari. Nikawauliza, itakuwaje, mkwe wangu anajifungua mwisho wa mwezi? Wakasema, bora usubiri siku hizo chache. Narudi, siku ya pili mtoto huyo amezaliwa! Unafikiri mimi sitaki kumbeba? Usiku naota namwogesha!"

"Sasa kwa nini hukusema, mama mkubwa?"

"Niseme mionzi? Machame hii? Ukisema mionzi wanasikia saratani. Nikisema asubuhi, jioni wameshapima kaburi, na kesho yake wamechagua mwenyekiti mpya. Na maziwa yangu nani atayanunua?"

"Maziwa ni ya ng'ombe. Ng'ombe hakumeza kidonge."

"Waambie wao!"

Hakukuwa na haja ya kuwaambia. Upande wa pili wa zizi, ukuta wa nyumba ni wa mbao zilizoachana, na wazee waliokuwa wameingia ndani kujadili walikuwa wameacha kujadili zamani. Majirani wa kihamba cha tatu baadaye walisema nao walisikia, isipokuwa sehemu ya nesi.

Kindness ndiye wa kwanza kutokea, analia, mtoto kifuani, mikono mbele. "Mama! Mama, nisamehe, sikujua..."

"Rudi nyuma!" aliunguruma Mama Ndelilio, akaruka kinyumenyume mpaka akakanyaga samadi. "Usinisogelee na huyo mtoto! Nitakupiga na jembe!"

Na Kindness, aliyelizwa na maneno ya namna hiyo wiki mbili nzima, akasimama pale pale akaanza kucheka huku bado analia. Tangu aolewe hakuna mtu aliyemtishia kwa upendo kiasi hicho.

Mzee Elimringi naye alijua wajibu wake. Aliondoka kimya kimya, akarudi na jani la isale amelifunga fundo, maana kwa Wachaga anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekosa."

"Weka chini," alisema Mama Ndelilio. "Hatua tatu."

Mzee akaliweka kwenye nyasi, akarudi nyuma. Mama Ndelilio akaja, akaliokota, akalipangusa.

"Nimekusamehe. Lakini mchungaji akifika, utamweleza wewe umemwitia nini."

Mchungaji alipofika alielezwa kwamba ameitwa kula nyama. Alikula, akabariki, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Siku zilizofuata, Mama Ndelilio alikataa kata kata kuacha kupimwa. Kwa kuwa siri ilikwisha, alitaka sasa ijulikane kwa usahihi. Kila asubuhi Elisifa alipima kutoka jiwe lile lile, kwa dakika kumi zile zile, akaweka nukta kwenye karatasi ya daftari na kuibandika ukutani pa stoo ya kahawa. Alimwambia kwamba kila siku nane madini yale yanabaki nusu, tena pungufu, kwa sababu mwili nao unatoa yake. Nukta zikashuka kama njia ya kutoka kijijini kwenda mjini. Akina mama wa usharika walikuja kwa zamu kuitazama karatasi, wakisimama mbali na mwenye karatasi, na wawili kati yao walimwita Elisifa pembeni wakamwonyesha shingo zao. Aliwaambia kifaa chake hakijui ugonjwa, waende hospitali. Walikwenda.

Mzee Elimringi alikuja mara moja tu, akasoma ile karatasi kwa muda mrefu.

"Hii madini joto ni ile ya kwenye chumvi?"

"Ni ndugu yake, baba mkubwa. Huyu ana mionzi, yule hana."

"Basi hata kwao kuna wenye kelele na wasio na kelele," alisema, akaonekana kutulia.

Tarehe tano Mama Ndelilio alianza kubembeleza. Nukta ilikuwa chini kabisa, kwa nini asimshike mtoto, hata mguu tu? Elisifa akakataa. Tarehe ya hospitali ni ya hospitali, na kifaa cha mfukoni hakibishani na daktari. Mama Ndelilio alimwita mkaidi kama baba yake. Siku mbili hawakusemeshana isipokuwa wakati wa kupima.

Tarehe saba Januari, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya chai, Mama Ndelilio alikuwa mlangoni kwa Kindness amevaa vitenge vipya viwili, bila skafu. Godwin alikuwa ameshuka mlimani usiku wa kuamkia siku hiyo, akaamka na kumkuta mama yake amekaa kitandani pao, mtoto mapajani. Mtoto aliutazama uso mpya, akafikiri kidogo, akaachia mkojo mrefu uliopita vitenge vyote viwili.

"Aika, baba," alisema Mama Ndelilio kwa Kichaga, akimshukuru. Hakubadilisha vitenge hivyo mpaka mchana.

Elisifa aliondoka siku mbili baadaye. Mwezi Machi, akiwa maabara, simu ililia. Alikuwa Mama Ndelilio, kwa ile sauti yake ya zamani. KCMC walikuwa wamempima damu. Rovu limetulia, moyo haukimbii tena, na uzito ameongezeka kilo nne. Kilichobaki ni kidonge kidogo cha kila siku, maisha yote, na hakikumfurahisha hata kidogo.

"Eti nikinywe asubuhi, halafu nikae nusu saa ndiyo ninywe chai! Nusu saa, Elisifa! Sasa hiyo nusu saa nafanya nini?"

"Uombe, mama mkubwa."

"Nimeshaomba! Nimewaombea wote mpaka wa Rombo, na bado dakika kumi na saba!"

Elisifa alicheka mpaka mwenzake wa chumba cha jirani akaja kufunga mlango.